Harvard ilimpa nini mwana wa Kanyadhiang'?

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, saiba za Migori, Rongo na Homa Bay hujaa vijana wanaoshughulikia KUCCPS na mkopo wa HELB. Wachache waliopata A huchungulia pia vyuo vikongwe vya ng'ambo. Mzazi akisikia jina Harvard au Oxford, mara nyingi fikira zake hukimbilia harambee ya tiketi. Jambo la kuulizwa kwanza ni hili: chuo chenyewe kinatoa nini, na kinaacha nini?

Ufuo wa ziwa upande wa Homa Bay una kisa cha kujibu swali hilo. Barack Obama Mkubwa, baba wa rais wa 44 wa Marekani, alizaliwa Kanyadhiang', karibu na Kendu Bay, miaka ya 1930. Shule ya Maseno hakuimaliza. Jijini Nairobi alifanya kazi katika mradi wa kisomo chini ya Mmarekani Elizabeth Mooney, akaandika kwa Kijaluo vitabu vidogo vya Otieno Jarieko, vya watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma. Mooney na rafiki yake Helen Roberts ndio waliomsaidia kufika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Shahada aliimaliza kwa miaka mitatu.

Mwaka 1962 alikuwa na nafasi mbili mkononi. Kwa mujibu wa masimulizi ya familia, yaliyomo katika kitabu cha mwanawe cha 1995, New School ya New York ilikuwa tayari kumlipia masomo na kuikimu familia yake. Harvard, chuo cha tangu 1636, ilitoa karo peke yake. Akachagua Harvard. Mkewe na mtoto ambaye hata mwaka hajatimiza hawakwenda naye.

Huko alipata mafunzo ya uchumi ya kiwango cha juu, akafaulu mitihani ya jumla ya uzamifu. Kisha, mwaka 1964, chuo kikakataa kuendelea kumfadhili, naye akanyimwa nyongeza ya muda wa kukaa Marekani. Nyaraka za uhamiaji zilizowekwa wazi mwaka 2011 zinaonyesha kuwa maofisa wa chuo walitaka aondoke kwa sababu ya maisha yake ya ndoa, si kwa udhaifu wa masomo. Alirudi Kenya bila kukamilisha tasnifu.

Elimu ile haikupotea. Julai 1965, katika jarida la East Africa Journal, aliichambua bila woga Sessional Paper Namba 10, sera ya uchumi ya serikali, hasa kuhusu ardhi na umiliki wa mali. Waziri wa mipango ya uchumi alikuwa Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga.

Mboya naye alikuwa amepitia Oxford, ila kwa mlango mwingine. Mwaka 1955 hadi 1956 alisoma Ruskin College, iliyofunguliwa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi wasio na vyeti vikubwa, nje ya chuo kikuu chenyewe. Hakutoka na shahada. Alitoka na mwaka mzima wa kusoma, kujadiliana na kujuana na watu wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1959 akawa kinara wa safari iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, wengi wao wakielekea vyuo visivyo na jina kubwa. Mwaka uliofuata, kwa mpango huohuo, Wangari Maathai alikwenda chuo kidogo cha Atchison, Kansas.

Leo mambo yamebadilika, tena kwa heri. Kwa shahada ya kwanza, Harvard humchagua hata mwanafunzi mgeni bila kutazama mfuko wake. Tangu mwaka wa masomo 2025–26, familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka, na mali ya kawaida, hailipi karo, malazi wala chakula. Familia nyingi za Homa Bay zimo humo. Kizingiti ni kuingia: katika waombaji 100 hawafiki 5 wanaokubaliwa.

Uzamili ni habari nyingine kabisa. Oxford yaweza kukukubali bila kukupa hata senti, na ufadhili, kama ule wa Rhodes wenye nafasi za Wakenya, una maombi yake. Kijana aliyeanzia Chuo Kikuu cha Rongo, au kile chenye jina la Mboya pale Homa Bay, bado anaweza kuomba. Barua ikifika, aisome mpaka ukurasa wa mwisho: ufadhili ni wa miaka mingapi, bima na tiketi ni za nani, na fedha zikikatika katikati ya masomo abishe hodi ofisi gani.