Je, Wajua? Sindano ya Nyonga kwa Saratani ya Paja

Mtoto ana sakoma ya Ewing kwenye mfupa wa paja, halafu daktari anataka kumchoma sindano nyongani. Kwa nini, na hapo hapaumi? Wazazi huuliza hivyo kwa hofu, na wanastahili jibu kamili.

Saratani hii ilielezwa na James Ewing wa New York mwaka 1921. Kati ya saratani za mifupa za watoto na vijana ni ya pili kwa wingi, nyuma ya osteosakoma. Kwa watu wenye asili ya Afrika ni nadra sana, lakini ipo. Takribani mgonjwa 1 kati ya 4 hugunduliwa ikiwa imeshasambaa: kwenye mapafu, mifupa mingine, au uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Sindano ya nyonga huchukua kipande cha mfupa chenye uboho, ili ijulikane kama saratani imefika humo. Osteosakoma haina mazoea ya kuingia kwenye uboho, kwa hiyo wagonjwa wake kwa kawaida hawafanyiwi kipimo hiki.

Sindano yenyewe inaitwa Jamshidi, kwa jina la daktari Muirani Khosrow Jamshidi, aliyeieleza pamoja na mwenzake mwaka 1971. Siri yake iko nchani: tundu la ncha ni finyu kuliko la mwili wa sindano. Kipande cha mfupa kikishakatwa huingia penye nafasi, hakipondeki. Ndiyo maana hakitolewi kwa nchani. Husukumwa kwa waya kitokee upande wa mpini, chembamba kama njiti ya kiberiti, urefu wake sentimita 1 hadi 2 hivi. Maabara hukilainisha kwa kuondoa madini, hukikata vipande vyembamba mno na kuvitia rangi. Kwenye darubini hutafutwa seli ndogo za mviringo, za bluu. Seli changa za damu za mtoto zinaweza kufanana nazo, basi huongezwa vipimo vya kingamwili ili kuzitofautisha.

Sindano huleta habari za pale ilipoingia tu. Saratani ikiwa imekaa kwa mabaka inaweza kupitwa, na ndiyo sababu huchomwa nyonga zote mbili. Picha ya PET, inayopigwa kwa mashine ya kusaka saratani, huonyesha mwili mzima. Tafiti zimeonyesha kwamba PET isipoona ugonjwa nje ya uvimbe wa kwanza, ni nadra sana sindano kuukuta kwenye uboho. Hospitali nyingi zenye mashine hiyo zimeanza kuwaepusha watoto hao na sindano, na naona zimefanya vema. Lakini Afrika Mashariki mashine za PET ni chache. Pasipo na PET, kuacha kupima uboho ni kupanga tiba ya ugonjwa ambao haujajulikana umefika wapi, ilhali ukiwa kwenye uboho matumaini ya kupona hupungua na mpango wa tiba hubadilika.

Mzazi, sindano hii haigusi uti wa mgongo na haipoozeshi. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, na maumivu ya siku chache hutulizwa kwa dawa. Kabla ya kutia saini, muulize daktari: PET imefanyika? Kama haijafanyika, uboho utapimwa pande zote mbili?