Panya Mnene na Amri Isiyofika

Panya aitwaye ob alijitokeza mwaka 1949 katika Maabara ya Jackson, Bar Harbor, Marekani. Hashibi, na uzito wake unaweza kufika mara tatu ya ule wa ndugu zake. Ni rahisi kumwita mlafi na kumaliza hadithi hapo. Lakini mpimie chakula kilekile anachokula mwenzake mwembamba, bado atamzidi mafuta. Tatizo, basi, haliishii mdomoni: mafuta yakishaingia kwenye akiba, hayatoki inavyopaswa.

Mafuta hayo hukaa ndani ya seli kama tone moja kubwa. Mwili ukihitaji nguvu, kwa mfano wakati wa njaa au baridi, ncha za neva humwaga noradrenalini. Seli ikipokea ujumbe huo, huzalisha kemikali iitwayo saikliki AMP, ambayo huamsha vimeng'enya. Tone lenyewe lina bawabu, protini ya perilipini, ambaye hawaruhusu wavunjaji kulikaribia mpaka amri ifike. Kisha, kutoka kila molekuli ya mafuta, asidi tatu za mafuta hunyofolewa moja baada ya nyingine, na kinachobaki ni gliseroli. Insulini hufanya kinyume: baada ya mlo huzima kazi yote.

Kwa miaka mingi sifa zote zilikwenda kwa kimeng'enya kimoja, HSL. Sifa hizo zilitiwa shaka mwaka 2000, panya walipozalishwa bila HSL na wasinenepe. Mwaka 2004 watafiti, wakiwemo wa Graz, Austria, walieleza kimeng'enya kingine, ATGL, ambacho ndicho kinachoanza kazi. Panya waliokosa ATGL walirundika mafuta hadi kwenye moyo, wakafa moyo uliposhindwa. Matokeo hayo yanafaa kukumbukwa na kila anayedhani mafuta ni uchafu wa kuondolewa tu: moyo huo ulikuwa umezungukwa na chakula usichoweza kukitumia.

Kwa panya ob, vimeng'enya vipo. Kinachokosekana ni leptini, homoni ambayo seli za mafuta hutuma kwenye ubongo kueleza ukubwa wa akiba. Jeni yake ilitambuliwa na Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York mwaka 1994. Ubongo usipopata habari hiyo, huamini mwili una njaa, hivyo hupunguza msukumo wa neva zinazoelekea kwenye mafuta. Mwaka 2015 kundi la Ana Domingos nchini Ureno lilionyesha njia hiyo kwa macho: lilichochea neva hizo kwa mwanga, na mafuta ya panya yakapungua.

Hata hivyo, panya aliyenenepeshwa kwa chakula cha mafuta mengi ana leptini tele. Shida yake ni nyingine, na inafanana zaidi na ya binadamu wengi. Mafuta yake yana uvimbe wa ndani, na uvimbe huo huamsha vimeng'enya viwili, IKKε na TBK1, vinavyofanya saikliki AMP iharibiwe haraka. Noradrenalini inabisha hodi, seli haiitikii. Wakati huohuo, hata pasipo amri yoyote, asidi za mafuta huvuja na kuingia kwenye damu, ini na misuli vikaubeba mzigo huo. Mwaka 2013 kundi la Alan Saltiel huko Michigan liliripoti kwamba amlexanox, dawa ya zamani ya pumu iliyotumika Japani, huzuia vimeng'enya hivyo na kurudisha usikivu wa seli za panya wanene.

Habari njema za panya hupokewa kwa tahadhari katika fani hii, na kuna sababu. Dawa za kuchochea kipokezi cha beta-3, mlango ambao noradrenalini hupitia kwenye mafuta ya panya, ziliwapunguza wanyama hao vizuri sana. Kwa binadamu hazikufua dafu, kwa kuwa mafuta yetu meupe yana vipokezi hivyo vichache. Mojawapo ya dawa hizo, mirabegron, leo huandikiwa watu wenye kibofu kinachowapeleka msalani kila mara.