Goma: Kabla ya kununua lango la umeme, uliza litafunguka vipi umeme ukikatika

Katika kata za Himbi, Katindo na Les Volcans, kuna wakaaji wanaofungua lango la parseli kwa telekomandi wakiwa bado ndani ya gari. Sababu yao inaeleweka. Usiku, kusimama barabarani ukipiga honi na kungoja zamu aamke ni hatari katika mji ambamo watu wenye silaha huwavizia wenye nyumba mbele ya malango yao. Lango likifunguka kwa sekunde chache na kujifunga nyuma yako, hatari hiyo inapungua.

Lakini lango hilohilo linaweza kukufungia ndani. Tarehe 22 Mei 2021 jioni, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, umeme ulikatika katika sehemu kubwa za mji wakati maelfu ya watu wakikimbilia Gisenyi na Sake. Siku tano baadaye, wakaaji wa kata 10 waliamriwa kuondoka. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya kuingia kwa M23 mjini, Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: umeme usipokuwepo, lango litafunguliwa vipi?

Mota nzuri ina kufuli ndogo yenye ufunguo wake. Ukiuzungusha, mota inaachana na lango, nalo linasukumwa kwa mkono. Ufunguo huo usikae kwa baba peke yake: mama, watoto wakubwa na zamu wajue unapowekwa. Na kwa kuwa kufuli hiyo iko upande wa ndani, parseli inahitaji pia mlango mdogo wa watu. Bila huo, anayefika usiku na kukuta umeme umekatika na nyumba haina mtu atabaki nje.

Jambo la pili ni batri. Mota za volti 24 zinaweza kutumia batri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Zile zinazotumia moja kwa moja umeme wa volti 220 zinahitaji kifaa cha kugeuza umeme wa batri, kama kile kilichoko katika nyumba nyingi zenye paneli za jua. Uwe unalipa SNEL, Virunga Energies au Nuru, chagua mota yenye batri, maana hata mita ya kulipia kabla inaweza kuisha saa nane za usiku. Mota haili umeme mwingi, kwa sababu inafanya kazi sekunde chache tu. Kinachomaliza batri polepole ni kipokezi kinachongoja telekomandi mchana na usiku.

Kisha angalia parseli yenyewe. Lango la kusukumwa pembeni linahitaji ukuta ulionyooka, wenye nafasi inayozidi upana wa lango. Njia ni mita 4? Basi pembeni ziwepo mita 4 na zaidi. Reli yake inataka zege iliyosawazishwa, na inafagiliwa mara kwa mara, kwani changarawe ya makoro ikiingia chini ya magurudumu, lango linakwama. Lango la mabawa mawili linafaa pale ambapo pembeni hakuna nafasi, mradi uwanja wa ndani usiwe na mteremko unaopanda kuelekea nyumba. Lisifungukie barabarani.

Uzito nao unapimwa. Bati la chuma la milimita 2 lina karibu kilo 16 kwa mita moja ya mraba. Lango la mita 4 kwa mita 2 na nusu lina bati la kilo 160 hivi, kabla ya kuongeza fremu. Nunua mota inayoweza zaidi ya uzito huo, kwa sababu lango la bati zima hushika pia upepo wa ziwa. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa 2021 ilipasua nyumba na kuta. Nguzo ikihama kidogo tu, mota dhaifu haitalivuta lango tena.

Usikubali kufungiwa lango bila macho ya usalama, yaani vile vifaa viwili vinavyotazamana na kulisimamisha mtoto au gari likipita katikati. Chagua telekomandi inayobadilisha namba yake kila inapobonyezwa, kwani zile za namba moja ni rahisi kunakiliwa. Omba pia kinga ya radi na waya wa ardhini: mashariki ya Kongo ni kati ya maeneo yanayopigwa na radi zaidi duniani, na radi ikianguka karibu inaweza kuunguza kadi ya mota. Katika makoro, kupata ardhi ya kuzamisha waya huo si kazi rahisi. Mwombe fundi akuonyeshe alikouzamisha.

Lango la umeme pia haliondoi kazi ya zamu. Haliwezi kutambua mgeni wala kusikia mtu akipanda ukuta.

Kabla ya kulipa fedha ya mwisho, fanya jaribio moja mbele ya fundi. Zima umeme, tenganisha batri, kisha mwombe kila mkubwa wa nyumba afungue lango mwenyewe. Kama kuna anayeshindwa, fundi hajamaliza kazi.