Ukisoma Falsafa Utakula Nini?

Likizo ya Agosti iliyopita mjomba wangu alikuja kututembelea kutoka Nairobi. Tulikuwa tumeketi jikoni tukiota moto, maana wenyeji wa Kilungu wanajua jinsi baridi ya Agosti inavyouma huku milimani. Akaniuliza ninataka kusomea nini chuo kikuu nikijaliwa kufaulu. Nikamjibu, falsafa. Mjomba akaweka kikombe chini. "Falsafa? Kwani unataka kuwa padre?" Nikasema la. "Basi utakula nini? Umewahi kuona gazetini, eti anatakiwa mwanafalsafa mmoja, awe na uzoefu wa miaka mitano?" Wote wakaangua kicheko, hata susu ambaye hakulielewa neno lenyewe.

Nilikosa la kusema. Makala haya ndiyo jibu nililostahili kumpa usiku ule.

Kwanza nikiri kwamba mjomba hakusema uongo. Kazi yenye jina hilo ni haba, na nyingi ziko vyuoni tu: Nairobi, Kenyatta, Moi na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Tena kuna mwenzangu wa Kidato cha Tatu aliyeniambia atasoma falsafa aje kufundisha sekondari. Pole, ndugu yangu! TSC humwandikisha mwalimu wa sekondari kwa masomo mawili yanayofundishwa shuleni, na falsafa haimo. Anayetaka ualimu achukue shahada ya ualimu, falsafa aisome pembeni. Nimelitanguliza hili ili kesho asije mtu akanishika shati.

Sasa, mwanafunzi wa falsafa hujifunza nini hasa? Sitataja Wagiriki wote. Chukua mjadala tuliokuwa nao bwenini. Mmoja alisema: "Shule fulani zamani walichapwa sana, na walikuwa wakipita sana, kwa hivyo kiboko huleta alama." Tulipiga makofi. Lakini mtu aliyesoma mantiki angeuliza: je, hakuna shule iliyochapa na ikaanguka? Je, iliyopita haikuwa na walimu wazuri, au iliwachagua wanafunzi wenye alama za juu tangu mwanzo? Na hata kama kiboko huleta alama, je, ni haki? Swali hilo la mwisho ni la maadili, wala si la hesabu. Kutenganisha maswali namna hiyo, kila siku kwa miaka minne, ndiyo kazi yenyewe.

Na ujuzi huo hutafutwa mahali usipotarajia. Mfano ninaoupenda ni wa Profesa Henry Odera Oruka, aliyezaliwa mwaka 1944. Alikwenda Uppsala, nchini Sweden, kusoma sayansi, akavutwa na falsafa huko huko, kisha akaendelea nayo Marekani katika Chuo Kikuu cha Wayne State. Aliporudi alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na falsafa ikapata idara yake yenyewe mwaka 1980. Wakati ule Wazungu wengi waliamini Mwafrika hana falsafa ila methali na mila tu. Odera Oruka akaenda vijijini, akaketi na wazee, akawauliza maswali magumu kuhusu Mungu, uhuru na kifo, ili aone nani anarudia tu yaliyosemwa na mababu na nani amefikiri mwenyewe. Mazungumzo hayo yalitoka kitabuni mwaka 1990.

Lakini kabla ya kitabu hicho kutoka, alihitajika mahakamani. Desemba 1986 wakili maarufu, S.M. Otieno, alifariki. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ikatikisa nchi nzima. Upande wa ukoo ukamwita Odera Oruka atoe ushahidi kuhusu mila za Waluo, na wakili wa mjane, John Khaminwa, akamhoji. Hebu wazia: mtu anaulizwa mbele ya jaji kwa nini mila ifuatwe, na lazima ajibu bila kutetereka, akijua maiti bado haijazikwa. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Mei 1987, zaidi ya miezi mitano baada ya kufa. Binafsi huruma yangu iko kwa Wambui. Lakini nikisoma habari za kesi ile naona kwamba mawakili wa pande zote mbili walikuwa wakifanya falsafa: mila ni sheria au si sheria? Mtu aliyesoma akaishi mjini bado ni wa ukoo? Ndiyo sababu wengi wanaosoma falsafa huingia katika sheria baadaye. Mwenye shahada ya kwanza anaweza kurudi chuoni akasoma sheria.

Tuje karibu na nyumbani. Ng'ambo ya huku kwetu, Mulango huko Kitui, alizaliwa John Mbiti mwaka 1931. Yeye alikuwa mwanateolojia, na shahada yake ya uzamifu aliipata Cambridge mwaka 1963, lakini kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika bado kinabishaniwa. Ndani yake, ingawa kimeandikwa kwa Kiingereza, ametumia maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. (Wanachama wa Kiswahili, tujivune kidogo!) Alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akadai kwamba katika fikira za jadi wakati ujao haupiti kama miaka miwili hivi, mbele ya hapo ni kama hakuna kitu. Wengine walimpinga, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana.

Nilimpelekea susu hoja hiyo. Alicheka, akaninyoshea kidole mparachichi ulio kwenye ukingo wa tuta. "Niliupanda mama yako akiwa mdogo," akasema, "nikijua watakula wengine." Je, susu amemwangusha Mbiti? Nilidhani hivyo, kisha nikaona kwamba Mbiti alizungumzia vitenzi, naye susu alizungumzia mti. Bado nalifikiria. Ila tazama maswali juu ya lugha ya mama yalimfikisha wapi mwana wa Mulango: alifundisha Makerere, akaongoza taasisi ya makanisa Uswisi, akafundisha Chuo Kikuu cha Bern, na akatafsiri Agano Jipya kwa Kikamba.

Wengine nitawataja kwa haraka. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kati ya 1949 na 1952, na falsafa ya maadili ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Akarudi akafundisha Pugu kabla ya siasa. Euphrase Kezilahabi, yule wa *Rosa Mistika*, aliandika tasnifu yake huko Wisconsin mwaka 1985 kuhusu falsafa ya Kiafrika na fasihi, na *Nagona* ikafuata mwaka 1990. Na kwa wanaotaka pesa tu: Stewart Butterfield wa Kanada alisoma falsafa shahada mbili, kisha akaanzisha Flickr na Slack.

Hapa Kenya leo utafiti unaohusu watu hupitia kwanza kamati ya maadili, kama ile ya KEMRI, na kamati kama hizo zinahitaji watu wa kupima haki na madhara. Vilevile programu za simu huamua nani apewe mkopo. Mama mboga akinyimwa bila sababu, nani wa kulaumiwa? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imegusa jambo hilo, lakini mtu lazima aketi afikiri.

Nami nimeamua hivi: nitaomba falsafa pamoja na somo la pili, Kiswahili, kisha sheria baadaye ikiwa karo itapatikana. Karo ndiyo swali ambalo mjomba hakuuliza, na ndilo linalomnyima mama usingizi. Mjomba atakuja tena Desemba. Nimemwekea nakala moja ya jarida hili, na nitampa kabla hajaletewa chai.