Kompyuta ya Ofisini: Tuanze na Umeme

Askari achaguaye vipuri vya kompyuta ya mezani huuliza kwanza kasi. Sisi twaona aulize kwanza umeme. Pawasaplai hafifu, nyepesi mkononi kama kopo tupu, yaweza kuunguza ubao mkuu pamoja na diski yenye kumbukumbu za kituo kizima.

Wala jina kubwa si kinga. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ya Marekani ilitenga dola milioni 300 kugharimia matengenezo ya kompyuta ambazo kapasita mbovu zilivimba na kuvuja juu ya mbao zake kuu. Basi, kabla ya kulipa, mfunguliwe boksi: kapasita iliyofura kichwani ikataliwe papo hapo. Diski nunueni mbili. Ya pili ihifadhi nakala, nayo ikae katika kabati lenye kufuli.