Pakiti ya Chumvi Yenye Tarehe

Kila Januari nafungua daftari jipya la duka, na kabla sijaandika deni la mtu yeyote naandika habari ya afya yangu. Mwaka huu, nikitafuta deni la mteja wa zamani, niliyafunua madaftari matatu ya nyuma. Yote matatu yalianza na sentensi moja: “Mwaka huu nitapunguza uzito na kula vizuri.” Mwandiko ule ule. Wino tu ndio uliobadilika.

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimerudi kutoka Tororo, Uganda, tulikokula Krismasi kwa mama mkwe. Nilirudi Busia, mji wetu wa mpakani kati ya Kenya na Uganda, na kichwa kizito, nikadhani ni uchovu wa safari. Binti wa duka la dawa aliponiona nimejishika kichwa aliniambia, “Keti kwanza, mama. Tulia dakika tano, usiongee.” Akanifunga kile kitambaa mkononi. Mashine ikaonyesha 168 kwa 104. Kesho yake akanipima tena, namba zikawa karibu na zile zile, akanihimiza niende hospitali siku hiyo hiyo. Huko nikaandikiwa vidonge vya presha.

Wataalamu huihesabu presha kuwa imepanda ikifika 140 kwa 90 au zaidi, siku mbili tofauti. Kichwa changu kiliuma, lakini wengi hawasikii chochote mpaka siku mshipa unapopasuka au moyo unaposhindwa kazi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Uganda mwaka 2014, na mwingine wa Kenya mwaka 2015, ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Na Kenya, zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Kwa hiyo, kama hujaandika lengo lolote la afya mwaka huu, anza na kupimwa. Ni dakika tano za kukaa kimya na dakika moja ya mashine.

Sentensi yangu ya miaka mitatu ilinisumbua. Mimi si mvivu. Duka nafungua saa kumi na mbili asubuhi, upande wa Uganda, na jioni navuka kurudi nyumbani upande wa Kenya. Nimelipa karo za watoto bila kuchelewa. Mbona hili moja lilinishinda?

Jibu nililipata kwenye mbolea. Hapa kwetu Busia, upande wa Kenya, watafiti wamefuatilia maisha ya wakulima kwa miaka mingi. Watatu kati yao, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walichapisha mwaka 2011 habari ya wakulima wetu na mbolea. Karibu wote walisema msimu ujao watatia mbolea. Walipohesabiwa baadaye, waliotia walikuwa kama theluthi moja. Hawakusema uongo. Wakati wa mavuno pesa ilikuwapo na nia ilikuwapo. Wakati wa kupanda ulipofika, pesa ilishakwenda kwenye matanga, karo na unga. Watafiti wakajaribu kumfikia mkulima pale pale baada ya mavuno: nunua sasa, mbolea utaletewa nyumbani bure. Waliotia mbolea wakaongezeka.

Nimezaliwa Funyula na nimelima. Najua hali hiyo kuliko kitabu chochote. Sentensi ya Januari ni mkulima anayesema “msimu ujao.” Haina saa, haina mahali, haina pesa iliyotengwa.

Kisha nikakumbuka maji. Dawa ya klorini ilikuwa ikiuzwa madukani kwa bei ndogo, na kila mama alijua kwamba maji ya chemchemi yanaweza kumharisha mtoto. Bado waliotia dawa walikuwa wachache. Kremer na wenzake wakaweka tangi la klorini kwenye chemchemi yenyewe. Unazungusha kifungo, dawa ya kutosha mtungi mmoja inadondoka, unateka maji, unajitwika unaondoka. Zaidi ya nusu ya familia zikawa zinatumia, na matangi hayo yakaenea Kenya, Uganda na Malawi. Akina mama hawakufundishwa jambo jipya. Dawa ilisogezwa hadi mahali ambapo mkono tayari upo.

Basi nilikata sentensi yangu kwa mstari mmoja, nikatafuta mahali ambapo mkono wangu tayari upo.

Nilianza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na samaki wa kukausha. Nyumbani tunakula watu watano, wote wakubwa. Gramu 25 kwa siku, pakiti ya nusu kilo inapaswa kutufikisha siku 20 au zaidi. Nilichukua kalamu nikaandika tarehe kwenye pakiti mpya: 5 Januari. Sikubadilisha upishi wowote, kwa sababu nilitaka kwanza kujua tulipo. Pakiti ikaisha tarehe 14. Siku tisa! Tulikuwa tunakula zaidi ya mara mbili ya kiasi, na mimi ndiye mpishi.

Pakiti ya pili niliitoa mezani. Aliyetaka chumvi ya kuongeza alilazimika kuinuka kwenda jikoni, na wengi hawakuinuka. Maharage nikayaungia kitunguu kingi, nyanya na ndimu. Omena, yaani dagaa, nikaiosha kwa maji ya moto mara mbili kabla ya kukaanga. Mume wangu alilalamika wiki ya kwanza, wiki ya tatu akasema wali wa hotelini una chumvi kali. Ulimi hujifunza upya. Sikulijua hilo, na lilinifurahisha kuliko dawa.

La pili ni kutembea. Ushauri ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya upumue kwa kasi. Boda-boda zilizaliwa hapa hapa mpakani, miaka ya 1960, vijana wakipakia watu kwenye baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda na kuita “boda, boda.” Marehemu baba aliendesha moja, na miguu yake ilibaki imara hadi uzee. Leo ni pikipiki, na mimi nilikuwa nikipanda kila jioni. Nikaamua hivi: nikishafunga kufuli la duka, navuka kwa miguu. Kufuli ndilo linalonikumbusha. Kutoka dukani, kupitia kituo cha pamoja cha mpaka, hadi mlangoni kwangu ni nusu saa, siku tano kwa wiki.

Mvua ikinyesha napanda pikipiki, na siku hiyo sijilaumu. Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya, wakaeleza mwaka 2010 kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuja yenyewe. Kwa wengine ilikuwa siku 18, kwa wengine ilikadiriwa kufika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Nilipenda sana kulisikia hilo, kwa sababu miaka yote niliacha kabisa mara tu nilipokosa mara moja.

Vidonge ndivyo vilivyonitia hofu, maana vinataka pesa kila mwezi na Januari ni mwezi wa karo. Hapo tena nilijifunza kwa majirani. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na vyama vya akiba vya Kenya ya magharibi, wakachapisha mwaka 2013. Waliopewa sanduku la bati lenye kufuli na ufunguo wao wenyewe waliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Vyama vilivyochangia mfuko wa afya peke yake vilifanya vizuri zaidi. Katika chama chetu cha wanawake 12 tulikuwa tunanunuliana sufuria. Nilisimama kikaoni nikawasomea namba zangu. Sasa kila Jumamosi tunaweka shilingi 50 za Kenya, au thamani yake kwa za Uganda, kwenye kopo la pembeni la dawa na vipimo. Katika wanawake 12 tuliopimwa, wanne tulikutwa na presha, na mmoja wetu hajafika miaka 35.

Lengo la mama mkwe ni tofauti, na kwake ni sahihi zaidi. Wilaya ya Tororo ilipopimwa miaka ya 2001 na 2002, mtu mmoja alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Upuliziaji wa dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa 2014 ulipunguza malaria sana, lakini yeye hajasahau watoto wawili aliowazika. Analala na wajukuu wanne. Lengo lake: kuku wakiingia bandani, neti zinashushwa. Hahitaji saa ya ukutani.

Mwezi uliopita nilipimwa 146 kwa 92. Vidonge vinafanya kazi yao na sitaviacha kwa kuwa najisikia vizuri. Daktari amenionya juu ya hilo mara mbili. Pakiti ya pili ya chumvi ilikwisha 30 Januari, ya tatu 19 Februari. Hii iliyopo jikoni imeandikwa 19 Februari kwa mwandiko wa binti yangu wa mwisho, maana siku hizi ananiwahi kushika kalamu. Leo ni tarehe 8 Machi. Nimeitikisa asubuhi, bado ina robo.