Rangi ya Kinyonga Ilitoka Wapi? Kuzisoma Picha za Kale za Mijusi

Wahakiki tumezoea kuuliza ni nani anayesimulia katika riwaya. Mbele ya picha hatuulizi. Tukimwona kinyonga wa kijani katika kitabu cha kale cha elimu ya wanyama, tunasema tu, "ndiye huyo." Makala haya yanataka tuulize.

Hebu tuanze na utengenezaji. Katika karne ya 19 mchoraji wa London au Berlin alimchora mjusi kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe likaloweshwa, likapakwa wino. Wino ukashika penye mafuta tu, karatasi ikatoka na mistari myeusi. Rangi zilifuata baadaye kwa brashi, karatasi moja moja. Wapaka rangi, mara nyingi wanawake na hata watoto, waliwekewa nakala ya mfano wakaifuata. Ndiyo maana nakala mbili za kitabu kilekile hazilingani sawasawa.

Sasa matata yenyewe. Mjusi aliyefika Ulaya mara nyingi alikuwa maiti ndani ya chupa ya spiriti, na spiriti hula rangi. Magamba yapo, vidole vipo, pembe zipo, rangi imekwisha. Mpaka rangi alitegemea maandishi ya mkusanyaji, kama yapo, la sivyo alikisia. Na kwa kinyonga, jamani, hata aliyemwona hai atamweleza yupi? Yule wa asubuhi penye baridi, au yule wa mchana anayegombana na mwenzake?

Si wote waliokisia. G. H. Ford alikuwamo katika msafara wa Andrew Smith huko Afrika Kusini, 1834 hadi 1836, ndipo akachora picha za vitabu vya Smith vilivyotoka 1838 hadi 1849. Huyo alikuwa shahidi.

Nyanda zetu za Juu Kusini ziliingia katika habari hizi mwishoni, wakati mashine za kuchapa rangi zilipokuwa zikichukua nafasi ya brashi. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alikusanya wanyama kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1900 Gustav Tornier wa Berlin akampa kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Poroto, jirani na Mbeya, jina la daktari huyo. Upande wa Iringa, Arthur Loveridge alimtangaza kinyonga wa Udzungwa mwenye miiba ubavuni mwaka 1932. Wenyeji waliojua ni kichaka gani cha kutazama hawamo katika majina hayo. Kiswahili nacho kilingoja hadi 2006, jenasi nyingine ya vinyonga ilipoitwa Kinyongia.

Tulifundishwa eti fani ni ganda na maudhui ni nyama. Picha hizi zinakataa. Mstari mweusi ni ushahidi. Rangi ni dai, na dai ni maudhui.

Siku hizi wauza picha huko Ulaya huvichana vitabu hivi, wakauza ukurasa mmoja mmoja kwa ajili ya ukutani. Mjusi anaondoka na rangi zake. Maelezo ya mlima alikotoka yanabaki kwenye kitabu kilichochanwa.